Taa Sita za Venla

Kijiwe chetu hapa Kemijärvi, Lapland, kina paa na hita, maana Februari ukikaa nje pua inaganda kabla hujamaliza salamu. Ni benchi la dirishani kwenye kituo cha mafuta cha mama Kerttu, kahawa na maandazi ya iliki mezani. Siku hiyo nje ya dirisha lilikuwepo gari kuukuu la Venla. Kesho yake usiku alikuwa anaingia mbio zake za kwanza za theluji, huko msituni, na baba yake, Tauno, hofu yote alikuwa ameimalizia kwenye taa. Sisi tunamwita Ndoo. Aliwahi kupanda gari la mashindano kama abiria, na kona ya tatu tu akaomba ndoo ya kutapikia.

— Nimeshafunga nne. Naongeza mbili, alisema Ndoo.

— Sita! Unampeleka binti mashindanoni au unafungua uwanja wa ndege? akacheka Kulungu, jina alilolipata kwa kugongwa na kulungu akiwa ameegesha.

— Theluji ikianguka, taa kali zinakurudia machoni, nikasema mimi. Funga za njano, tena chini.

— Na hizi za kisasa hazipati joto, akadakia Profesa, fundi umeme mstaafu. Theluji inaganda kwenye kioo, taa inawaka na mtu yuko gizani. Weka za zamani, zinajiyeyushia zenyewe.

— Za zamani sita? Betri si itakata roho? akauliza Kulungu.

— Anaweka ya pili kiti cha nyuma, akajibu Profesa.

— Na ya tatu kwenye buti, iwape moyo wenzake! akasema Kulungu. Sikilizeni, afunge taa moja imulike juu. Kulungu wote wa Lapland watadhani kiangazi kimefika, watatimkia malishoni, njia nyeupe!

— Na mbu nao wakidhani hivyo? nikauliza mimi.

— Ebu nyamazeni! Ndoo akapiga meza. Mwanangu ataona kila jiwe. Mkinichokoza nafunga nane!

— Ningekuwa mimi ndani ya lile gari, mshumaa tu ungenitosha, akasema Kulungu.

— Mimi hata huo sihitaji, akasema Profesa. Njia zile nazijua nimefumba macho.

Mlango ukafunguliwa. Venla akaingia, theluji mabegani, helmeti mbili mkononi.

— Wazee wangu, taa zimependeza kweli. Ila Ilmo, msoma kona wangu, kaamka na homa kali. Nani atakaa kando yangu anisomee kona? Peke yangu hawaniruhusu kuanza.

Kulungu akaanza kusugua goti. Profesa akakoroga kikombe kitupu. Mimi nilijitia kutafuna andazi, na niliona aibu, sifichi.

Venla akaitazama ile helmeti ya pili.

Ndoo akasimama, uso umeshampauka.

— Kerttu, una mifuko ya plastiki?

— Ya kubebea maandazi?

— Hapana, akasema, akiichukua helmeti. Ile mikubwa.