Haja Ipi, Baba Yuliana?

Leo ni Jumamosi, saa mbili asubuhi. Mvua ya masika inapiga mabati ya Temeke. Wasikilizaji wapendwa, tunamkumbuka Mzee Anselmo, mchonga vinyago, aliyefariki mwezi huu wa Aprili, 1975.

Alipofiwa na mdogo wake, Mzee Anselmo aliacha kulala na kula. Daktari akampa vidonge vya amitriptilini. Vilimfaa. Patasi ikasikika tena uani. Lakini kinywa kilimkauka, na kila akiinuka alishika ukuta. Mkewe, Bibi Sesilia, alimtania: "Baba Yuliana, siku hizi unakunywa bila mie?"

Kisha mkojo ukakataa kutoka.

Kwenye zahanati alimkuta muuguzi, binti wa umri wa Yuliana wao. Bibi Sesilia, kwenye benchi la nje, alisikia kupitia dirishani.

"Binti yangu, sipati haja."

"Pole, mzee. Kunywa haluli hii, tumbo litafunguka."

Alisema hapati haja, basi. Haja ndogo au kubwa? Mzee hakusema. Muuguzi hakuuliza. Wala hakuuliza mzee anatumia dawa gani.

Njiani Bibi Sesilia alifoka. "Haluli ya nini? Ulimwambia haja ipi?"

"Haja."

"Haja ipi, Baba Yuliana?"

"Nimtajie mtoto wa watu mkojo wangu?"

"Basi turudi, nikamtajie mie!"

"Utanitia aibu."

Hakurudi. Alikunywa haluli. Jioni akameza na vidonge vyake, kama alivyoagizwa. Siku zilizofuata hali ilizidi. Mjumbe wa nyumba kumi alipopata gari la duka la ushirika kumpeleka hospitali, figo zilikuwa zimekwisha kushindwa.

Daktari wa hospitali alieleza kwamba vidonge vile huweza kuzuia mkojo, hasa kwa wanaume wazee. "Hamkuambiwa?"

"Tuliambiwa vinaleta usingizi," akajibu Bibi Sesilia. "Basi."

Wasikilizaji wapendwa, dawa ilimfaa, na dawa hiyohiyo ikamzuia mkojo. Usiache dawa kwa uamuzi wako. Uliza italeta nini mwilini. Ukipata shida, itaje kwa jina lake. Kwa Bibi Sesilia na Yuliana, tunatoa pole za dhati.

Muuguzi sasa huuliza haja ipi. Yuliana alirudisha hospitali vidonge vilivyobaki. Mjumbe alipitisha habari nyumba zake zote kumi. Bibi Sesilia huketi kwenye benchi lile la zahanati, na kila mzee anayefika humuuliza kwa sauti ya kusikika barabarani: "Shikamoo. Ndogo au kubwa?"