Pampu Iliyozunguka Bure

Wengi wetu hukosea kudhani kwamba pampu tatu zikisukuma maji katika bomba moja, kila moja imefanya theluthi ya kazi. Wengine huwasha moja peke yake, husoma mita, kisha huamini kuwa hivyo ndivyo inavyofanya ikiwa na wenzake. Anayestaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne kituoni, alitutoa katika makosa yote mawili kwa asubuhi moja. Mshtuko wa asubuhi hiyo haujatutoka.

Tunamwita Shangazi Geji. Aliajiriwa kufagia ukumbi wa mitambo, na ufagio ukiwa mkononi akajifunza kusoma geji za presha, hadi mkuu wa kituo alipomkuta akimsahihisha fundi. Alikabidhiwa daftari la zamu siku hiyohiyo.

Pampu namba moja, kuukuu na yenye kunguruma, aliiita Bibi, na kila asubuhi aliiamkia. Fundi wetu wa umeme aliwahi kuisifu namba mbili kwamba ni tulivu, mtu anaweza kusinzia kando yake. Shangazi alimjibu kwamba hapo amekutana na ndugu yake.

Mwaka jana tangi la hospitali ya mlimani lilianza kupungua kila alasiri. Wauguzi walibeba ndoo hadi wodi ya wazazi. Likaja agizo: Jumamosi, Bibi ing'olewe. Debe tupu haliachi kuvuma, tulisema, tukacheka. Alhamisi Shangazi akaomba apewe asubuhi moja tu.

Aliwasha zote tatu. Presha katika bomba kuu ilikuwa baa sita, na mita yake ilisoma mita za ujazo 240 kwa saa. Kisha akazima mbili, akafunga valvu zake, na ile iliyobaki akaibana valvu ya kutokea polepole mpaka geji yake ikasoma sita ileile. Hapo ndipo aliposoma mita, akarudia hivyo kwa kila pampu. Sababu ni rahisi: pampu iliyo peke yake haina wa kushindana naye, lakini katika bomba la pamoja hupambana na presha ya wenzake. Ukitaka kujua mchango wake, irudishie mzigo uleule.

Bibi ilitoa 130. Namba tatu, 110. Kwa namba mbili, Shangazi alibana, akabana, akafunga valvu kabisa. Mshale ulikwama kwenye tano. Mita ilisoma sifuri.

Akaziwasha zote tena, kisha akaizima namba mbili. Mita haikutikisika: 240 kabla, 240 baada. Kila mwezi tuliijaribu ikiwa peke yake, nayo ilitoa maji vizuri. Ikiwa na wenzake ilishindwa hata kuusukuma ufunguke mlango wake wa kuzuia maji yasirudi, ikawa inayazungusha maji yaleyale tumboni mwake. Mkuu wa kituo aligusa ubavu wa pampu, akauondoa mkono haraka. Ubavu ulikuwa unaunguza. Mimi, niliyewafundisha wengi kugawa jumla kwa tatu, niliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Shangazi alisema neno moja tu: "Bibi yenu alikuwa anawabeba, nanyi mnamchimbia kaburi."

Jumamosi iling'olewa namba mbili. Mapezi yake ya ndani, yale yanayosukuma maji, yalikuwa yamelika kama sabuni ya mwisho wa mwezi. Iliporudi imetengenezwa, tangi la mlimani lilijaa, na ndoo za wauguzi zikarudi kwenye kazi ya kupiga deki.

Shangazi, ahsante kwa macho yako na kwa subira yako kwetu wagumu wa kuelewa. Nenda ukapumzike, afya ikufuate, na wajukuu wakuamkie kama ulivyomwamkia Bibi. Maisha yako yawe mema.

Nasi tuliobaki: leo, kabla hatujatoka zamu, twende tukaandike daftarini presha ya kila pampu, moja moja, zote zikiwa kazini.