TV ya Kutundikwa Ukutani

Basi lililotoka Homa Bay lilipokaribia Migori, Bathsheba alikuwa bado amekumbatia TV mpya aliyonunuliwa na mwanawe. Alikuwa anairudisha kwake, huko Migori. Dorah, msichana aliyeketi kando yake, alipoambiwa hivyo akacheka. "Mama, nyinyi wazee mnaogopa sana vitu vya kisasa!"

"Niogope nini? Hii ni ya kutundikwa ukutani. Fundi alitoboa ukuta wangu wa udongo, drili ikatokea nje ikasalimiana na kuku."

"Kwani mwanao hajui nyumba yako ilivyo?"

"Angejulia wapi? Tangu tumzike baba yake hajaingia."

"Si ungeiweka tu mezani?"

"Meza ninayo, binti. Nataka aniambie mwenyewe, ana kwa ana, niitundike wapi."

Basi likasimama. Mwendesha boda akachungulia dirishani. "Mama Bathsheba? Nimetumwa na mwanao nibebe TV peke yake."