Msipandishe Ghorofa Hii

Sogeeni, wanangu, lakini msiegemee ukuta huo. Nawe shemeji, ingia. Ukisimama mlangoni na mifuko yako ya saruji nyuma yako unanitisha. Najua mnangoja nifumbe macho ndipo mmalizie ghorofa ya marehemu baba yenu, na kila mmoja ameshapangiwa fungu lake la kuchanga, hasa huyu kitinda mimba wangu, mwenye mshahara na asiye na mume wa kumtetea. Naogopa, wanangu. Kufa sikuogopi; naogopa mtakachomfanyia nikishaondoka.

Mnasema ni mtoto wa kula. Anapanga chumba na kwao kuna nyumba, amenunua godoro la bei ya ng'ombe, na alipofiwa na mwenzake akaenda kumlipa mtu amsikilize akilia, kana kwamba sisi hatuna masikio. Tunayo, na tulimwambia ajikaze. Baba yenu naye alijikaza tangu siku ya msingi. Kila senti ikawa tofali, tukalalia mkeka ujana wetu wote, na kifua kilipoanza kumbana akasema hospitali itasubiri, nondo hazisubiri. Hiyo mnayoiita akiba mimi niliiona ikimla mtu mzimamzima.

Halafu huyu huyu wa kula akamleta mkaguzi wa majengo, kwa pesa yake. Shemeji ukacheka mpaka ukashika mbavu: "Kulipa mtu aje kugonga ukuta! Watoto wa siku hizi watalipia hata hewa." Mkaguzi akagonga, akauchungulia ule ufa juu ya kitanda changu, akasema nguzo za chini hazibebi uzito zaidi, na hata huu uliopo ni wa kuombea dua. Ninyi mkaupaka ufa chokaa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema mpandishe ukuta juu ya ufa. Tangu hapo nikilala nasikia mchanga ukichuruzika kwenye shuka, najifunika uso, mtu mzima mimi, kama mtoto anayeogopa giza.

Nani basi mfujaji humu ndani? Yeye ananunua usingizi, pumzi na ukweli. Ninyi mnanunua kuta ili majirani wainue shingo. Mkimwita mbinafsi, mmeniita mimi.

Basi shikeni haya. Nyumba ni yenu nyote, lakini tofali lisipande. Saruji irudi dukani kabla haijaganda. Wewe kifungua mimba, watoe wanao chumba cha nyuma leo, si kesho. Mama yako mgonjwa anakuomba, usimjibu kwa methali. Cherehani yangu achukue mkwe wangu, aliyeniogesha bila kununa. Shemeji, kile kiwanja tulichogombania mpaka tukanyimana salamu, nimekuachia. Mavi ya kale hayanuki. Kichukue, umwache mtoto.

Nipeni maji... Inatosha.

Sitaki kufia humu. Nipelekeni kwake, kwenye hicho chumba cha kupanga mnachokicheka. Usilie, mwanangu, tangulia ukatandike. Mungu awape... awape cha kuwatosha, si cha kuwaonyesha watu. Awalaze mahali pema mkingali hai.

Shemeji, wewe shika kichwani. Polepole... hapo mlangoni... inueni.