Akida wa Ngazija na Shamba la Kina Mosi

Asubuhi ile, wasikilizaji wapendwa, hakuna aliyemtazamia. Mwanamke mgeni aliteremka kutoka milima ya Uluguru, jembe begani, akaingia moja kwa moja kwenye baraza la Akida hapa Morogoro. Ilikuwa enzi ya Wajerumani. Mwanamke huyo aliitwa Mosi.

Leo tunamkumbuka Akida mwenyewe. Akida Ahmadi bin Salehe, mzaliwa wa Ngazija, ng'ambo ya bahari. Aliletwa bara akiwa bado kijana. Wajerumani wakampa uakida, yaani kuwatawala watu wa milimani kwa niaba ya Boma. Aliushika karibu miaka ishirini. Karibu miaka ishirini, wasikilizaji! Wenzake waliondolewa, yeye akabaki. Kilichombakiza kilikuwa kimoja: hakugeuza neno. Hukumu ikishatoka, imetoka.

Mjukuu wake, Bi Asia, alituambia huku akicheka: "Marehemu bibi alikuwa akisema, mume wangu hageuzi hata ubavu wa kulalia."

Basi Bi Mosi alikuja kupinga hukumu. Kaka yake alikuwa amefariki, na Akida akampa shamba Abasi, mtoto wa marehemu. Lakini kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Kaka alilima tu. Abasi ni wa ukoo wa mama yake, ukoo mwingine. Kwa hukumu ile, Bi Mosi na binti zake walitakiwa kuhama kabla ya mvua za kupandia.

"Shikamoo, Akida."

"Marahaba. Shamba limeshapata mwenyewe, mama. Mtoto amemrithi baba yake. Umefuata nini?"

Karani Rehani akadakia kwa utani: "Na jembe hilo, mama, unakuja kutulimia baraza? Ungeliacha huko huko."

"Ningeliacha wapi, na shamba mmeshatunyang'anya?"

Watu wakaangua kicheko. Bi Mosi hakucheka. Akamgeukia Akida. "Baba, huko kwenu, nyumba uliyozaliwa ilikuwa ya nani?"

Bi Mosi hakuijua Ngazija. Aliuliza tu. Lakini Ngazija nako nyumba ni ya mwanamke. Mama humwachia binti. Akida alilijua hilo tangu utotoni. Alilisahau, au alijisahaulisha, apate kuonekana mtawala kamili mbele ya wakubwa.

"Ya mama," akasema taratibu. "Sasa anakaa dada yangu."

Kisha akamwahidi: "Nenda. Kabla ya mvua nitapanda mlima, niigeuze hukumu kwa kinywa changu, pale pale shambani."

Karani akamwinamia. "Akida, Boma limeshaikubali hukumu. Ukiigeuza, watakuvua."

Wasikilizaji wapendwa, hapa ndipo penye majuto. Katika miaka ile yote, mashamba mangapi yalipotea kwa hukumu kama ile? Hayakurudi. Akina mama waliomtangulia Bi Mosi walipanda mlima wakilia, basi. Bi Asia mwenyewe hafichi: "Babu tunampenda. Lakini alichelewa."

Alipofariki, miaka michache baadaye, Boma halikutuma hata mtu mmoja mazishini. Pole yetu nayo imechelewa karne nzima, ila tunaitoa. Poleni, Bi Asia na jamaa wote. Poleni nanyi mlioko milimani, ambao mashamba ya bibi zenu hayakurudi. Nasi tujiulize usiku wa leo: ni neno gani tunaling'ang'ania kwa sababu tu tulishalisema? Mimi naamini bado tunaweza kuligeuza.

Maana Akida alipanda mlima. Alipanda kwa miguu, goti likimsumbua, mawingu yameshatanda. Akasimama mbele ya Abasi na majirani, akasema: "Nilikosea. Shamba ni la kina Mosi."

Kisha akashuka kwenda Bomani kuvuliwa uakida. Nyuma yake, binti za Bi Mosi walikuwa wameshaanza kufukia mbegu.