Mwanga Ulikwama Kwenye Masizi

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Mwangaluka! Mimi ni Kabula wa Migato. Ngozi yangu mnaiona, nilizaliwa albino, na jua la shamba la pamba halikunihurumia hata siku moja.

Ndugu zangu, miaka ile ya soko huria, wanunuzi binafsi walipokuwa wanagombea pamba yetu, mimi nilikuwa najifunika kanga usoni. Shavuni palikuwa na kidonda kisichopona. Hospitali wakasema kansa. Nililia! Binti yangu wa mwisho alikuwa bado ananyonya.

Mungu ni mwema. Hospitali moja ya misheni ikapata madaktari wageni wenye tiba ya mwanga. Unachomwa sindano, unakaa chumba chenye giza siku mbili, kisha wanakumulika kidonda kwa mwanga mwekundu. Dawa na mwanga vikikutana, kansa inakufa. Dozi yangu ilikuwa ya mwisho kubaki, na wageni walikuwa wanaondoka siku moja tu baada ya kunimulika.

Sasa sikieni ujinga wangu! Usiku wa kuamkia kumulikwa, shangazi yangu Nkwimba alikuja kuniona kule gizani na masizi ya chungu yaliyokorogwa na samli. Kwetu kidonda hakiachwi wazi, macho ya watu yatakiharibu. Nikajipaka kwa siri. Asubuhi nikafuta juu juu, weusi ukabaki, nao madaktari wakadhani ni kigaga.

Wakapitisha chini ya kidonda uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Kazi yake ni kupima mwanga unaofika ndani ya nyama. Wakawasha taa. Kwa macho, shavu lote liliwaka. Uzi ukakataa: ndani mwanga haujafika! Daktari akazima. Muuguzi, Msukuma mwenzetu, akaniinamia: "Mayu, mama yangu, umepaka nini?"

Nilitaka kudanganya, kweli tena. Nikamkumbuka yule anayenyonya. Nikasema, "Masizi."

Wakaniosha taratibu kwa maji ya uvuguvugu, wakawasha tena. Muuguzi akapiga kigelegele humo humo chumbani: "Umefika!"

Ndugu zangu, tazameni shavu hili! Kovu tu! Na yule mtoto ndiye anayetupigia kinanda pale. Asante Yesu!

Lakini bado nina la kutubu. Nilipopona, shangazi alitangaza kijiji kizima kwamba masizi yake yameponya kansa. Nami nikanyamaza miaka yote hii, kwa aibu. Wewe uliyefunika kidonda chako, mfunulie Bwana leo, hatakucheka. Mimi naanza. Shangazi Nkwimba, hapo benchi la pili, nakupenda sana, usininunie: masizi yako yalioshwa yote.