Kilichoiua Injini ya Yatma

Benchi letu liko Thiès, mkabala na kituo cha teksi, ubavuni mwa meza ya kahawa ya Coumba. Jumamosi ile tulikaa watano, na injini ilikuwa ya sita. Iliwekwa juu ya tairi kuukuu mbele yetu, imetolewa kwenye teksi ya Yatma Ndiaye siku mbili kabla: silinda tatu, ujazo wa cc 796, nguvu za farasi hamsini na moja, watu wawili wanaibeba. Ilianza kunywa petroli, ikaanza kula oili, ikatoa moshi wa buluu, na wiki iliyopita ikashindwa kupanda daraja la reli ikiwa na abiria wawili tu. Muuza vipuri wa ng'ambo ya reli alikuwa amemwekea Yatma nyingine ya aina hiyohiyo hadi adhuhuri. Yatma ana miaka hamsini na minane na uwezo wa kununua injini moja, si mbili. Alituambia wazi: asipojua kilichoiua hii, ile hainunui. Atauza bodi, arudi kwao Mékhé akalime karanga.

Aliyeanza ni Redio, muuza kadi za simu, anayesoma magazeti ya wenzake. Yeye ni Diop, na Diop na Ndiaye ni watani.

— Hii imekufa njaa. Ndiaye mnamjua kwa kula. Akipewa petroli ya gari, anainywa mwenyewe.

— Nyamaza, Diop, alisema Yatma. Baba yako alikufa bila kupanda hata punda.

Relwe, dereva mstaafu wa treni, aliweka kikombe chini.

— Tatizo ni hizo silinda tatu. Mashine yangu ilikuwa na kumi na mbili. Moja ikiugua, kumi na moja zinapiga kazi. Hii yako moja ikiugua zinabaki mbili. Hapo una gari au una cherehani?

— Mzee Relwe, imeenda miaka minane na hizo tatu.

— Cherehani nazo zinadumu.

Wa tano kwenye benchi alikuwa Mor Talla, fundi. Tunamwita Daktari, kwa sababu husikiliza injini kwa bisibisi ndefu anayoiegemeza sikioni. Hii ameitunza tangu ilipotoka bandarini.

— Oili kila kilomita elfu tano, alisema Daktari. Mkanda nimebadilisha mara nne. Plagi, chujio, vyote. Mimi sijaikosea.

— Basi ni vumbi, alisema Redio. Vumbi la jangwani. Mwaka huu limekuja na chumvi.

— Nani kakwambia?

— Nimesoma.

— Wapi?

— Nimesoma tu, bwana!

Relwe alifikiri kidogo.

— Hizi mashine zimezaliwa kwenye theluji. Zikifika huku zinakumbuka kwao. Zinakonda polepole, kama mtu.

— Hapana, ni mdomo, alisema Redio. Yatma, si ulimbeba yule mgombea udiwani? Akakaa nyuma, akasema mara tatu "gari zuri hili," wala hakusema mashallah. Tangu siku ile!

— Hata kura hakupata, alisema Coumba akimimina.

Yatma hakucheka.

— Jamani, nina saa moja na nusu. Nipeni kitu cha maana.

Hapo ilisimama gari nyeupe, ndogo, sawa kabisa na ya Yatma, ila haikuwa teksi. Daktari aligeuza kichwa kabla haijazimwa. Alishuka mama mmoja aliyevaa sare ya ukunga, akaagiza kahawa. Alisema anaitwa Arame, anatoka Khombole.

— Dada, hiyo ina kilomita ngapi? aliuliza Yatma.

— Laki tatu na kumi na mbili elfu.

— Injini ya pili?

— Ileile iliyokuja na gari.

— Inakula oili?

— Hapana, kaka. Kwa nini?

Yatma alimwonyesha injini iliyokuwa juu ya tairi. Arame aliinama na kikombe mkononi, akaingiza kidole pale mpira wa maji unapoungana na injini.

— Kwangu hapa ndani kuna kidude cha shaba chenye springi. Nilikibadilisha mwaka juzi. Chako kiko wapi?

— Thamostati, alisema Daktari. Nilikitoa. Hicho ni cha nchi za baridi, mama. Kinazuia maji. Huku tunakitoa, maji yanazunguka muda wote, injini haichemki. Mafundi wote hapa tunakitoa.

— Sasa injini inapata moto saa ngapi?

Daktari aliingiza kidole palepale. Redio alitazama gazeti. Relwe, aliyeendesha treni miaka thelathini, alikuna goti.

— Ikiwa baridi inamiminiwa petroli nyingi ili iwake, alisema Arame. Kitabu cha gari kinasema. Isipopata moto, inamiminiwa siku nzima. Petroli inaosha oili kwenye silinda, vyuma vinasagana.

Alilipa, akaondoka. Zamu yake ilikuwa inaanza.

— Mshale wa joto haukupanda hata siku moja, alisema Yatma. Miaka minane. Nilikuwa nawaonyesha abiria. Nawaambia, oneni, injini yangu haijui joto.

Alimgeukia Daktari.

— Nani alikufundisha kukitoa kile kidude?

— Bwana wangu wa gereji.

— Yeye alikwambia kwa nini?

— Sikumuuliza. Nilikuwa natamani aniruhusu kushika spana.

Yatma alisimama, akapangusa suruali.

— Twende tukaichukue ile nyingine. Utaifunga wewe.

— Mimi?

— Nani mwingine anayeijua gari yangu? Lakini kila kitu kinakaa kilipokutwa.

— Tangulia. Nakuja.

Daktari alivuka barabara. Kituoni zilikuwepo teksi kumi na tisa, na zote alikuwa amezitengeneza yeye. Aligonga kioo cha ile ya mbele.

— Fungua boneti, Gora. Kuna kitu nilikutolea.